Sakafu Isiyotaka Kwisha

Evode aliinua macho kidogo tu. Ndivyo alivyosema baadaye, na Emérence alimwamini, kwa sababu macho hayo yalimjia yeye.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, mwaka 1968, katika nyumba ya Mama Adelaïde iliyo juu ya kilima kinachotazama Masisi. Mzungu mmoja mwenye mashamba aliijenga kabla ya vita vikuu, akaweka chini sakafu ya libuyu, mbao ngumu nyekundu zilizokatwa huko Itebero, vipande vifupi vilivyopangwa kwa kupishana kama miba ya samaki. Miaka ilipita, nyumba ikafungwa, paa likavuja, watu wakaanika maharagwe sebuleni na kuwasha moto pembeni. Mama Adelaïde alipoinunua, sakafu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Alimwita Athanase wa Kingi, fundi aliyejulikana mpaka Sake kwa kazi hiyo, airudishie rangi yake. Athanase alikuja na binti yake, Emérence. Na Evode, kijana wa Bweremana, kando ya ziwa, aliyetaka kumwoa Emérence, alikuja na mashine.

Mashine ya kupiga msasa ilitoka Goma. Ilikuwa nzito kama ndama, ina pipa la chuma lililovalishwa msasa mkali, na umeme wake ulitoka kwenye jenereta lililonguruma nje. Kazi iliyowachukua watu wiki nzima, yenyewe iliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa na sharti moja: lazima itembee. Ikisimama pahali pamoja huku pipa linazunguka, inakula mbao.

Emérence alitokea mlangoni na birika la chai. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na vumbi jekundu la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Evode alikuwa katikati ya sebule, kitambaa kimemfunika mdomo na pua. Macho peke yake ndiyo yaliyoonekana, na macho hayo yakacheka. Yalimtazama nyusi, yakashuka kwenye mkono ulioshika birika, yakapanda tena. Emérence alitaka kutazama pembeni, akashindwa. Tangu wajuane hawakuwahi kuachwa peke yao kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Walichokuwa nacho ni kutazamana hivyo, kwa wizi, watu wakigeuka.

Kisha wote wawili wakasikia harufu ya mbao zinazoungua.

Evode alizima mashine akairudisha nyuma. Katikati kabisa ya sebule, pale mwanga wa dirisha kubwa ulipoangukia, palikuwa na bonde. Lilikuwa pana kama sahani, na kiganja kizima kingeweza kulala ndani yake. Kingo zake zilikuwa zimeungua, na kwenye vipande viwili lami iliyoshika mbao kwa chini ilikwisha kuanza kuonekana.

Athanase aliingia kutoka kolidori, pale alipozoea kuweka kiti chake, akitembelea fimbo. Alivua kiatu, akapitisha wayo juu ya sakafu polepole mpaka ulipozama. Akauacha mle ndani.

"Juu ya nini mashine ilisimama?" aliuliza, akitaka sababu.

Evode alishusha kitambaa usoni. Emérence alimwona akifungua mdomo, akaona neno likifika na kurudi.

"Mukono ilichoka, Papa."

"Mukono."

"Ndiyo, Papa. Mashine iko nzito."

Athanase aliutoa wayo bondeni, akavaa kiatu. "Muntu mwenye mukono yake inachoka asubuhi hivi," alisema, "atachungaka mutoto ya watu namna gani?"

"Papa, nitatengeneza. Vipande vilivyoharibika nitatoa, nitaweka vingine."

"Hapana. Toa hii kitu yako, rudi nayo Bweremana. Sakafu nitaimaliza na mikono, namna tulifanya zamani."

"Na ile maneno yetu?"

"Maneno gani? Nilikuambia tutaongea sakafu ikiisha. Unaona imeisha?"

Evode alitazama bonde, akamtazama mzee, akainama akaanza kukunja waya wa umeme. Emérence alibaki mlangoni na birika lake. Chai ilikuwa bado moto na hakuna aliyeitaka.

Alimkuta Evode nyuma ya nyumba, chini ya upenu, akifunga jenereta kwa kamba kwenye mkokoteni. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Hasira ilikuwa imemjaa Emérence mpaka kwenye vidole.

"Ulimudanganya," alisema.

"Ulitaka niseme nini? Nisimame mbele ya baba yako niseme, Papa, nilikuwa naangalia mutoto wako, njo maana sakafu yako imeharibika?"

"Ndiyo. Ungesema vile."

"Iko haya, Emérence."

"Na hii haya yako inatupatia nini? Tangu mwaka jana anatafuta sababu ya kukukataa. Alikosa. Leo umemupatia wewe mwenyewe. Alikuwa anangojea muntu dhaifu, ukamuambia, mimi hapa, mukono yangu inachoka."

Evode alivuta kamba mpaka ikalia. "Mwaka jana ilikuwa sakafu ya dispanseri. Alisema, tumalize kwanza hii. Nikangojea. Ikaisha, akasema kuko nyumba ya munganga. Nikangojea. Sasa hii. Mama yangu amepaka nyumba chokaa juu yako. Ikachafuka, akapaka tena. Kila siku ya Mungu akitoka misa ananiuliza kama huyu Emérence iko muntu wa kweli ao nilimuota. Nilileta mashine juu nimechoka kuona hizi mbao zinatushinda. Nilitaka ziishe."

"Kwani mimi sijachoka?"

"Sijui. Niambie wewe." Aliiacha kamba akamgeukia. "Juzi nilikuona mu chumba cha nyuma. Pale karibu na dirisha palikuwa pamesafika, hapana alama hata moja. Ukapiga magoti ukaanza tena pale pale. Nilisimama nikakuangalia. Ulikuwa unasugua pahali palipoisha, polepole, kama muntu asiyetaka siku ifike."

Emérence alihisi uso wake ukiwaka. Aliyatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Alitaka kukana, na maneno ya kukana alikuwa nayo, lakini aliyaona machafu.

"Evode," alisema hatimaye, "ulishamuona Papa akiwa chini?"

"Chini namna gani?"

"Chini. Anapiga magoti kwenye sakafu. Anashika msasa. Ulimuona, hata mara moja?"

Evode alifikiri. Alikumbuka kiti, fimbo, na sauti ikiamuru kutoka kolidori: songa kushoto, fuata mstari wa mbao, usibonyeze. Kila alipokuja alimkuta mzee kwenye kiti na binti chini. Yeye akadhani mzee anapumzika.

"Magoti yake imekufa," Emérence alisema. "Tangu dispanseri. Ile yote niliifanya mimi. Ya munganga, mimi. Hii hapa, mimi. Yeye anasema, mimi ninafanya. Alinikataza kusema, juu watu wanaita Athanase, hawaite binti yake. Nikienda Bweremana, nani atashuka chini? Kila asubuhi ninataka sakafu iishe nikuje kwako, na kila asubuhi ninaona ikiisha atabaki amekaa peke yake Kingi anaangalia mikono yake. Njo maana nilirudia ile pahali. Sasa umejua."

Alidhani Evode angemsogelea. Aliungojea mkono wake begani. Badala yake alimwona anakuwa mtulivu, utulivu mbaya, kama mtu aliyehesabu kitu mara nyingi na leo tu akaona kosa liko wapi.

"Kumbe hanikatai mimi."

"Hapana."

"Anakataa kupoteza mikono yake. Na wewe ulijua." Hakupandisha sauti. "Miezi yote nilikuwa ninajiuliza niko na kosa gani. Nilifikiri ni juu ya kazi yangu ya mashine za mitumbwi. Nilifikiri ni juu ya sisi watu wa ziwa. Nilimuuliza mama yangu kama kuko kitu familia yetu iliwafanyia watu wa Kingi zamani. Na wewe ulikuwa unaniangalia nikijiuliza."

"Iko baba yangu, Evode."

"Ninajua iko baba yako. Mimi niko nani?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limempanda kooni, lakini lilichelewa, na Evode hakulingojea. Alishika mikono ya mkokoteni.

"Kamio ya maharagwe inapita leo kuenda Sake," alisema, akionyesha barabara ya malori. "Nitaingojea kule chini. Sitakuja tena kwa sakafu ingine, Emérence. Hii njo ilikuwa ya mwisho yangu."

Mkokoteni ulizama kwenye tope, akausukuma kwa bega. Emérence alimtazama akipotea nyuma ya ua wa miti, akarudi tena kuchukua mashine, akaiburuta nayo bila kumtupia hata jicho moja. Ilikuwa mara ya kwanza kupita karibu naye bila kumtazama.

Aliporudi ndani, baba yake alikuwa amevuta kiti mpaka ukingoni mwa bonde.

"Kule mu kabati ya ukutani, chumba cha kulala," Athanase alisema kana kwamba hapakutokea kitu. "Mule chini kuko mbao zile zile, umri ule ule. Hakuna muntu anaangaliaka ndani ya kabati. Zitoe, ulete hapa. Mule tutaweka mbao mupya."

Emérence alichukua patasi na nyundo ya mbao, akaenda. Aling'oa vipande kimoja kimoja, akakwangua lami iliyoganda chini yake, akavileta sebuleni ndani ya beseni, pamoja na mkebe wa lami laini ya kubandikia. Akapiga magoti. Akaanza kutoa vile vilivyoungua, na kila kimoja kilipotoka kilitoa sauti kama jino linang'olewa.

"Hapana hicho," baba yake alisema. "Mustari yake inaenda kinyume. Weka kingine. Hicho, ndiyo. Geuza. Usipige kwa nguvu."

Alikigeuza.

"Polepole. Tukiharakisha tutafanya kama yule. Na lazima tuwe tumemaliza mbele ya mwezi kuisha, juu kule Sake kuko nyumba inatungojea. Sakafu kubwa kupita hii."

Emérence aliiweka nyundo chini.

"Sake?"

"Wamenitumia muntu wiki iliyopita."

"Na ulikubali."

"Nilikubali, ndiyo. Hii kazi njo yetu."

"Papa, uliniuliza?"

Athanase aliigeuza fimbo mkononi. "Nilizoea," alisema.

Emérence alibaki amepiga magoti, mikono imejaa lami. Alikuwa hajawahi kumpandishia baba yake sauti, wala hakumpandishia sasa. Lakini alihisi kwamba akiinama tena juu ya sakafu ile bila kusema, hatainuka mpaka awe mzee.

"Mashine haikusimama juu ya mukono," alisema. "Ilisimama juu yangu. Nilikuja na chai, akaniangalia. Na mimi nilimuangalia. Kama kuko muntu wa kugombeza, tugombeze wote wawili."

"Ninajua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa mu kolidori, mama. Mulango ulikuwa wazi. Nilimuona anakuangalia." Athanase alisema hivyo akilitazama beseni. "Njo maana nilimuuliza. Nilitaka kusikia kama atasema."

"Na angesema?"

Mzee alisugua goti lake. Nje, mvua ilikuwa imeanza tena, na mahali fulani chini ya kilima ng'ombe alikuwa akilia.

"Angesema, ningekosa jibu," alisema. "Muntu anayesema kweli namna ile mbele ya baba ya binti, utamujibu nini? Nilikuwa ninaogopa atasema. Aliposema mukono, nilifurahi. Hii njo aibu yangu, Emérence. Sakafu ilikuwa na shimo na mimi nilifurahi."

Emérence alitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini alimwona jinsi alivyokaa, goti moja limenyooka mbele kwa sababu halikunjiki tena, suruali ya kazi bado ina viraka magotini ingawa magoti hayajagusa chini tangu mwaka jana. Viraka hivyo alivishona yeye, na hakuwa na sababu ya kuvishona isipokuwa baba alimwomba.

"Hii nitaimaliza," alisema. "Niliianza, sitaiacha na shimo. Mama Adelaïde hana kosa. Lakini Sake siendi, Papa."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie kweli. Waambie magoti yako imekwisha lakini macho iko. Utafute watu wawili wa kushuka chini, uwafundishe, na uwaite kwa majina yao mbele ya wenye nyumba. Mimi hukuniita hata siku moja."

Alisema hilo la mwisho bila kulipanga, na lilipotoka sauti yake ilikatika. Athanase aliinua kichwa.

"Kama siko Athanase ya sakafu," aliuliza taratibu, "nitakuwa nani?"

"Sijui, Papa. Utakuwa baba yangu. Sijui kama inatosha."

Alichukua nyundo akaendelea kupiga. Alipiga kipande kikaingia, akachukua kingine. Hakusikia tena sauti ya kumwambia ageuze au aache. Aliposikia kiti kinasukumwa alidhani baba yake anarudi kolidori.

"Kamio imepita?" Athanase aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado. Barabara iko mubaya."

Mzee alitazama mvua. Alivaa kofia, akashuka ngazi za baraza, ngazi moja baada ya nyingine, akitanguliza fimbo.

Emérence alisimama dirishani. Aliona barabara chini, tope limeng'aa, na Evode ameketi juu ya jenereta chini ya mti wa mkaratusi, amejifunika gunia. Mashine ya msasa ilikuwa pembeni yake na turubai juu. Mtu anayetaka kuondoka kwa hasira angeondoka mbio. Yeye alikuwa amefungwa na vyuma vyake mpaka lori lije. Aliona baba yake akifika. Aliona Evode akisimama, kwa adabu, akampa mzee pahali pake pakavu. Mzee hakuketi.

Kutoka pale juu hakusikia kitu. Baba yake alikuwa akisema, fimbo ikichora kwenye tope. Evode alikuwa ameinamisha kichwa. Mara moja alitikisa kichwa kukataa. Mzee akasema tena. Evode akajibu kwa kirefu, mkono wake ukionyesha nyumba, ukionyesha njia ya Sake, ukaanguka. Emérence aligonga paji la uso kwenye kioo. Ni maisha yake yaliyokuwa yakizungumzwa kule chini, na yeye alikuwa juu na patasi mkononi kama mfanyakazi wa siku.

Ndipo aliposikia honi. Lori lilikuwa linapinda kwenye kona.

Alikimbia. Hakuvaa viatu. Alishuka kilima akiteleza, akishika majani, na alipofika barabarani wanaume wawili wa lori walikuwa wamekwisha kupandisha mashine juu ya magunia ya maharagwe, na Evode alikuwa ameweka mguu kwenye gurudumu kupanda. Baba yake alisimama kando, amelowa.

"Nimemuambia akuje na mama yake," Athanase alisema. "Siku ya Mungu."

"Siku ya Mungu gani?" Emérence aliuliza. Alikuwa anahema.

"Hii inayokuja."

"Sakafu haijaisha."

"Nimeona haijaisha."

Emérence alimgeukia Evode. Uso wake ulikuwa bado umefunga. Hakukuwa na kicheko machoni mwake, hata kidogo.

"Ulikubali?"

"Nilikubali. Mama yangu atakuja, na mujomba wangu, kama desturi. Lakini mule mu nyumba siingie leo. Baba yako ameniomba nirudi nikunywe chai, nimekataa. Ningali na kasirani."

"Kasirani na Papa?"

"Na Papa. Na wewe zaidi."

"Na mimi pia," Emérence alisema. "Ulidanganya mbele yangu, halafu ukapita kando yangu kama sipo. Uliniuliza wewe uko nani, ukaenda mbele ya mimi kujibu."

"Basi jibu."

Dereva alipiga honi. Watu juu ya magunia waliwatazama, msichana asiye na viatu na kijana aliyening'inia kwenye gurudumu, na mzee wao amesimama hapo hapo. Katika siku nyingine yoyote Emérence angefunika uso kwa kitenge.

"Uko muntu wangu," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa dereva. "Njo vile. Na nimechoka kukuona kupitia mulango."

Mtu mmoja juu ya magunia alicheka. Athanase alijifanya anaangalia mlima. Evode alishusha mguu kutoka kwenye gurudumu, akamsogelea, akamshika mkono. Lami ilikuwa haijakauka, ikawagandisha vidole. Mkono wa Evode haukuwa umechoka. Ulimshika kwa nguvu kidogo kupita inavyostahili mbele ya baba ya mtu.

"Siku ya Mungu," Evode alisema. "Mama atakuuliza maswali mengi. Amengojea sana, hatakuwa mupole."

"Aulize."

"Na mimi sijui kama kasirani itakuwa imeisha."

"Kuja nayo," Emérence alimwambia.

Alipanda. Lori liliondoka likitupa tope, na Evode, ameketi juu ya maharagwe na mkono wake juu ya turubai, hakuyaondoa macho yake kwa Emérence mpaka kona ikamficha.

Emérence na baba yake walipanda kilima pamoja. Ilikuwa kazi ndefu, kwa sababu kila hatua ilibidi mzee apumzike. Karibu na ngazi za baraza, Athanase alisimama.

"Mama Adelaïde iko anakuja," alisema. Kweli, mwavuli mweusi ulikuwa unaonekana ukipanda kwa upande wa pili. "Ataona shimo. Ataniuliza nani atalitengeneza."

Emérence alingoja.

Athanase alifuta maji usoni, akaegemea fimbo, akanyoosha mgongo kadiri alivyoweza. Mwavuli ulipofika, kabla mwenye nyumba hajapata hata kusalimu, alimshika binti yake kiwiko akamsogeza mbele.

"Mama," alisema, "huyu iko Emérence. Njo fundi wako."